Sauti Ile Ile, Mahali Pale Pale: Maisha ya Mama Penina Chilewa Matonya, 1949–2025

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani, shikamooni. Wenyeji wa hapa, mbukwenyi. Jina langu Anyitike Mwakibete, mume wa Erica, mtoto wa tatu wa marehemu. Mama aliwaacha watoto wake wa kuzaa, wasomi wazuri wote, akanichagua mimi dalali wa mahindi niwasomee maisha yake. Alikuwa na sababu. Kuna mtu yupo hapa uwanjani ambaye jina lake niliwahi kuliharibu nikiwa nimesimama papa hapa, na mama alitaka nilirudishe kabla yeye hajafukiwa. Nitafika huko. Hata nikitaka kukwepa siwezi, kwa kuwa aliagiza maneno haya yachapwe kwenye karatasi mlizo nazo mikononi. Alisema, "Ukiruka mstari, watu wakuone."

Nilikutana naye mara ya kwanza Kibaigwa, Julai 2005. Alikuja na magunia kumi na mawili ya mahindi juu ya trekta la kukodi, yeye na binti yake. Wakati ule nilikuwa nimetoka kwenye upakiaji wa malori, nikawa dalali mdogo mwenye sauti kubwa. Wanaolijua soko lile wanajua kazi inavyokwenda: unachoma bambo, kile chuma chenye mfereji, kwenye gunia, unamwaga punje kiganjani, unakunja uso kama umenusa kitu kibovu, kisha unayasema vibaya mahindi ya mtu mpaka mwenyewe ayaonee aibu. Akiona aibu, anashusha.

Nikachoma bambo. Nikakunja uso. Nikasema kwa sauti ya soko zima, "Mama, haya yana mdudu, yana dumuzi! Kuku wangu mwenyewe nikimpa atanishitaki!"

Wapakiaji wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, dumuzi umemwona, au umemsema tu?"

"Nimemwona, mama."

"Nionyeshe, na mimi nimwone."

Nikaangalia kiganjani. Hakuna kitu. Nikamwambia karudi ndani ya gunia. Basi mama akatandika kitenge chake chini, akawaambia vijana wamwage gunia zima, akaniambia, "Kaa. Mtafute. Mimi leo sina haraka." Nilikaa chini nikichambua punje za mahindi mbele ya wanunuzi wangu, wapinzani wangu na mama lishe watatu walioacha vyungu vyao motoni. Sikumpata dumuzi hata mmoja. Nilifikiri ameshanishinda inatosha. Akasema, "Haya, simama. Lile la mwanzo ulilisema kwa sauti gani? Sema na hili kwa sauti ile ile, mahali pale pale."

Nikasimama nikapiga kelele kwamba mahindi ya Mama Matonya ni safi, hayana mdudu. Akauza bei ya juu kuliko wote siku ile. Mimi nilipata kicheko cha binti yake, na mwaka 2008 nikamuoa.

Sasa twende kwa mpangilio.

Marehemu Penina alizaliwa Ihumwa tarehe 14 Mei 1949, mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Chilewa na Mama Dina. Kwao walilima uwele na karanga na walikuwa na ng'ombe wachache. Mdogo wake, Mama Edina, anasema walisimuliwa na mama yao kwamba Penina alianza kuongea kabla ya kutembea, na tangu hapo hakuwa na sababu ya kutembea, kwa kuwa kila alichotaka alikiagiza. Alisoma Ihumwa hadi darasa la nne, 1959 hadi 1962. Mwalimu wake alimkalisha mstari wa mbele, si kwa sababu haoni ubaoni, bali kwa sababu darasa zima lilikuwa likimwangalia yeye badala ya ubao. Alikuwa na kipaji cha kumpa mtu jina la utani likamganda mpaka uzeeni. Wapo wazee wawili hapa wanaoitwa hadi leo majina aliyowapa mwaka 1960. Sitawataja, ingawa naona mmoja ameshainamisha kofia.

Alifunga ndoa takatifu na Mzee Yona Matonya tarehe 7 Septemba 1968, wakahamia mashambani karibu na Kibaigwa. Mzee Yona alikuwa mtu wa maneno machache. Mama alikuwa akisema Mungu aliwagawia maneno ya nyumba moja, yeye akachukua yote. Walijaliwa watoto watano. Mmoja, Ndahani, alitangulia akiwa mdogo. Walilima mahindi, alizeti na karanga. Kuanzia 1975 mama alifundisha watu wazima kusoma na kuandika chini ya mpango wa kisomo, na mwaka 1983 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, mwanamke wa kwanza katika mtaa wao. Lakini kazi iliyompa jina ni kunadi sadaka.

Wakristo wenzangu mnaijua. Asiye na pesa analeta alichonacho: debe la mtama, maboga, mayai, jogoo. Ibada ikiisha vinanadiwa nje ya kanisa. Mama Penina alinadi kwa miaka kumi na moja, na watu walikuwa wakitoka makanisa mengine kuja kumsikiliza. Aliwahi kuliuza boga moja mara nne, kila aliyelinunua akilirudisha kwa kuona aibu jinsi alivyolisifia.

Mdomo huo huo ndio uliomwingiza kwenye kosa ambalo aliniagiza nilisome bila kulipunguza.

Sikukuu ya mavuno, Agosti 1987, Mama Tereza alileta sadaka ya kuku jike mwekundu. Wakati huo mama alikuwa amepotelewa na kuku wake, mwekundu vile vile, siku ya tatu. Akamnyanyua yule kuku juu mbele ya watu, akasema, "Jamani, huyu namjua. Hata yeye ananijua, angalieni anavyonikwepa macho!" Hakusema zaidi ya hapo. Watu walicheka sana. Mama Tereza akajifunga khanga yake, akaondoka, na Jumapili iliyofuata hakuonekana kanisani.

Siku chache baadaye mama akaingia ghalani kuchukua karanga. Nyuma ya kihenge akamkuta kuku wake amelalia mayai tisa.

Alipata baridi, alituambia, mwezi wa nane ule wa jua kali. Akachukua mayai mengine, akaenda kwa Mama Tereza, akapitia mlango wa jikoni, akapiga magoti. "Mwenzangu, nimekukosea. Kuku wangu nimemwona. Nisamehe."

Mama Tereza aliendelea kusonga ugali. Akasema, "Ulinisemea wapi?"

"Kanisani, kwenye mnada."

"Na radhi unaniombea wapi?"

"Hapa… jikoni."

"Jiko langu halikusikia kitu, Penina. Limesikia kanisa. Karudie pale pale, na ile sauti yako ya mnada uje nayo."

Kwa hiyo msidhani msemo ule niliopigiwa Kibaigwa ulikuwa wa mama. Alipewa na Mama Tereza, akiwa amepiga magoti kwenye majivu. Mama alisema ndiyo mahubiri mafupi kuliko yote aliyowahi kuhubiriwa, na ndiyo pekee aliyoyashika yote. Alikuwa akisema toba ya jikoni humponya aliyesema tu, na aliyesemwa anabaki na jina lake vile vile barabarani.

Vifaranga vilipototolewa, alivibeba na mama yao kwenye kapu hadi mnadani. Akasimama akasema, "Wiki zile nilisema kuku wa Tereza ni wangu. Nilisema uongo, na nyie mkacheka. Kuku wangu ndiye huyu. Leo namnadi na watoto wake, na mliocheka mnunue." Aliyenunua ni Mama Tereza. Akampa yule kuku jina la Penina, na kwa miaka miwili kila asubuhi majirani walisikia, "Penina, toka kwenye mboga zangu!" Mama Tereza yule pale, amekaa kiti cha mbele. Amekuwa rafiki yake kwa miaka thelathini na saba.

Kuanzia hapo mama alikuwa na sala moja ya asubuhi, tuliyoisikia sote tuliolala nyumbani kwake: "Bwana, leo uamke wewe kabla ya mdomo wangu." Hakuacha kuongea. Msimsingizie. Aliacha kusema asichokiona. Mtu akimletea habari ya mtu alimuuliza swali lile lile la dumuzi, umemwona au umemsema, na habari nyingi ziliishia mlangoni hapo. Nilipokuja kuposa, wazee walitaja ng'ombe wao, nami nikapunguza kama kawaida yangu. Yeye akasema, "Hao ni wa baba zake. Mimi nataka kitu kimoja na hakipungui: usimseme mwanangu mbele ya watu." Nimejitahidi. Erica ananiangalia sasa hivi, nitasema nimejitahidi.

Mwaka 2011 yeye na mzee walihamia hapa Nzuguni kuwa karibu na hospitali na wajukuu. Na hapa ndipo ninapoingia mimi.

Mzee Yona alizidiwa Alhamisi tarehe 18 Agosti 2016, saa nne asubuhi. Nilikuwa hapa. Jirani yetu Luka Masinga alikuwa na pikapu, ile ya bluu. Nikampigia simu. Akasema, "Gari halina mafuta, shemeji, ngoja nika—" Nikakata simu. Ndugu zangu, mimi ni dalali. Kibaigwa mtu akikupa hapana ya kwanza unahamia kwa mwingine. Ukisubiri amalize sentensi, lori limeshaondoka. Nikasimamisha bajaji barabarani, tukampeleka mzee, akafia mapokezi. Daktari alitueleza siku ile ile kwamba hata tungefika mapema kwa saa mbili isingesaidia. Nilimsikia vizuri.

Jumamosi tukazika. Nilipewa kipaza sauti kutoa shukrani za familia, nikasimama hapa hapa, kati ya mlango huu na tangi la maji. Nikawashukuru wote, halafu nikaongeza: "Na yule jirani ambaye gari lake halikuwa na mafuta siku mzee anakata roho, Mungu amjazie tangi."

Watu waliguna. Wengine walicheka. Jina sikutaja, ila mtaa huu mwenye gari karibu alikuwa mmoja.

Tangu siku ile Luka Masinga ameitwa Halinamafuta. Watoto wamemwimbia njiani. Mgonjwa akitokea, watu wamepita getini kwake wakaenda kutafuta gari mbali. Mkewe Ruthu, sauti ya kwanza ya kwaya yetu, aliacha kuimba. Luka hakujibu kitu. Na mimi, kwa kuwa hakujibu, nilijiambia kumbe ni kweli.

Mama aliniuliza wakati ule, "Umemwona, au umemsema?" Nikamjibu, "Mama, nimemsikia kwa sikio langu." Alikuwa na msiba wa mumewe, akaliacha. Aliniambia baadaye kwamba swali lile moja kutolifuatilia kulimuuma kuliko figo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, juu ya kisukari cha muda mrefu. Januari mwaka huu alikuwa akilala zaidi ya kukaa. Majirani walikuja kumwona, na mmoja wao alikuwa Mwanahawa, yule mama wa Kondoa mwenye duka kwenye kona. Katika maongezi Mwanahawa akasema, "Mama, huyu Luka mnamwonea. Siku ile ya mzee alikuja kwangu anakimbia na dumu, nikampimia petroli lita tatu, akaacha hata chenji. Nikamwona anarudi anakimbia. Alipofika kwenu alikuta mlango wazi na mbuzi sebuleni. Mlishaondoka na bajaji."

Mama akamuuliza, "Miaka yote hiyo, mwanangu, mbona hukusema?"

Mwanahawa akasema, "Mama, mkweo alikuwa na spika. Mimi nina kaunta tu."

Niliitwa siku hiyo hiyo. Nikasalimia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Leo mimi na wewe tunafanya biashara."

Akanieleza yote. Nilisikia joto masikioni. Nikafanya ninachokijua, nikatoa bei ya kwanza: "Mama, nitaenda kwa Luka kesho. Nitapeleka mbuzi, tuyamalize kiume."

"Jikoni."

"Mama, siyo jikoni, sebuleni kwake kabisa."

"Anyitike. Ulimsemea wapi?"

"Hapo uwanjani."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa… spika."

"Basi."

Nikashusha kidogo. "Sasa mama, watu wote wale nitawakusanya hapa kwa kisingizio gani?"

"Watu nitawaita mimi," akasema. Akaniangalia mpaka nikaelewa atawaita vipi. Akacheka mwenyewe, kile kicheko cha mnadani. "Watakuja wengi kuliko wa mzee. Mimi nina maneno na watu wengi."

"Mama, wafiwa watasema naharibu msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wako, mama."

"Basi ruhusa nimetoa."

Nikajaribu mara ya mwisho. "Nitasema, ila nisitaje jina. Wataelewa wenyewe."

"Ulipomchafua hukutaja jina, wakaelewa. Kumsafisha utataja, tena mara mbili." Akafumba macho, nikadhani amelala. Kumbe bado. "Na mimi nataka kubebwa na gari lake. Kalizungumze mwenyewe."

Nimeuza mahindi ya watu kwa miaka ishirini. Sijawahi kutoka kwenye maelewano nikiwa nimekubali kila kitu.

Nilikwenda kwa Luka mwezi wa pili. Sikwenda na mbuzi, kwa kuwa mama alinikataza. Nikamwambia mama anaomba siku yake ikifika apande gari lake. Alikuwa anafunga tairi, hakunyanyua kichwa. Akasema, "Mwambie mama nitakuja. Na mafuta nitaweka mapema." Hakucheka, na mimi sikucheka.

Mama Penina alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini hapa Dodoma, akiwa na Erica na Mama Edina. Maneno yake ya mwisho hayakuwa mazito. Alimuuliza muuguzi jina lake, akasema, "Jina zuri, litunze," akalala.

Sasa nasema hili nikiwa kati ya mlango huu na tangi la maji, na kipaza sauti ni cha kukodi lakini nimehakikisha kinasikika hadi kwa Mwanahawa.

Luka Masinga hakumnyima mzee gari. Luka Masinga aliniambia nisubiri, nikamkatia simu. Alikimbia na dumu, akanunua petroli, akaja, akatukuta tumeondoka. Nilichosema hapa tarehe 20 Agosti 2016 nilikisema bila kukiona, na kilikuwa uongo. Wazazi, wafundisheni watoto jina lake. Ruthu, kwaya imekaa miaka minane na nusu bila sauti yako kwa sababu yangu. Luka, ulipofika hapa gari lako lilikuwa na mafuta.

Marehemu ameacha watoto wanne, Joel, Charles, Erica na Kezia; wajukuu kumi na watatu na vitukuu wawili; mdogo wake, Mama Edina; na rafiki yake, Mama Tereza, ambaye ameomba nimhesabu kwenye familia, na hapa nimemhesabu.

Katika biashara hii kila upande umeondoka na chake. Luka amepata jina lake, kwa kuchelewa, na sina cha kumfidia hiyo miaka. Mimi nimepoteza sifa ya kusema vizuri msibani, na nadhani kufikia jioni mtaa utakuwa umeshanipa jina la utani, nitalibeba. Mama amepata alichotaka chote, bila kupunguza, na amekuja nyumbani leo ndani ya pikapu ya bluu ambayo tangi lake niliangalia mwenyewe. Limejaa.

Mungu amlaze mama yetu mahali pa utulivu, na mdomo wake upumzike sasa, umefanya kazi ya kutosha. Mchungaji, pokea kipaza sauti kabla sijasema lingine.